Mkanda wa jeshi hausubiri minong'ono

Huku Nyanda za Juu Kusini, mtu akitokwa na malengelenge ubavuni, hukumu hutangulia vipimo. Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zinazoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, kwa hiyo jina la mkanda wa jeshi likitajwa watu huangaliana tu. Anayeumia zaidi kwa minong'ono hiyo ni mgonjwa wa lupasi au baridi yabisi, magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe. Anajifungia ndani siku nne kwa aibu, na zile siku ndizo dawa ingefanya kazi.

Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga. Ukipona tetekuwanga hakiondoki; hulala kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, kinga ikikizuia kisiamke kama mlinzi wa zamu. Kinga ikilegea kinaamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. VVU huilegeza kinga. Uzee pia. Predinisoloni na azathioprini, dawa za lupasi na baridi yabisi zinazoizuia kinga isimshambulie mgonjwa mwenyewe, nazo ni hivyohivyo. Kipimo cha VVU kifanyike, hakina ubaya wowote, ila dawa isisubiri majibu yake.

Maumivu hutangulia upele kwa siku moja hadi nne au zaidi: kuungua, kuchomachoma, ngozi isiyotaka kuguswa hata na shuka. Hapo ndipo mgonjwa wa lupasi hupotea njia, kwa sababu lupasi yenyewe huleta kichomi. Anadhani ugonjwa umeamka, anajiongezea predinisoloni, na kinga inazidi kulegea. Kisha malengelenge yanatokeza kwa mafungu, upande mmoja tu, yakiishia katikati ya mgongo au tumbo. Yule mdudu mwekundu na mweusi anayefuata taa usiku huunguza ngozi pia, lakini hakuna maumivu ya siku kadhaa kabla yake. Malengelenge yakienea pande zote mbili, na mdomo na macho vikachubuka baada ya kuanza dawa mpya kama kotrimoksazoli (Septrini), huo si mkanda. Acha dawa hiyo mpya, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Tiba ni asikloviri, ianze ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Hata ukichelewa, nenda. Kwa mwenye kinga dhaifu bado ina faida. Kipimo cha mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku, kwa siku 7. Kosa linalojirudia kwenye maduka ya dawa ni kumpa mtu kidonge kimoja cha miligramu 200 mara 5, ambacho ni kipimo cha malengelenge ya mdomoni. Kwa mkanda ni vidonge vinne kwa mkupuo, yaani 140 kwa wiki nzima. Hesabu kabla hujaondoka dirishani. Krimu ya asikloviri haiufikii mzizi wa neva, ni hela iliyotupwa. Kama lupasi imegusa figo, mwambie daktari mapema ili apunguze kipimo, na unywe maji ya kutosha.

Predinisoloni usiiache ghafla hata kama jirani anasema ndiyo iliyoleta balaa. Mwili uliozoea dawa hiyo umepunguza kutengeneza homoni yake, na unaweza kuporomoka. Methotrekseti, nayo ni ya kutuliza kinga, au azathioprini, daktari ndiye aamue kama zisimamishwe kwa muda.

Malengelenge yakitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho liko hatarini. Yakitawanyika mwili mzima, au mgonjwa akichanganyikiwa, vidonge havitoshi. Anahitaji dawa ya mshipani, kwa hiyo ni safari ya hospitali ya rufaa, Mbeya au Iringa, siku hiyohiyo.

Nyumbani osha kwa maji safi na sabuni, kausha taratibu, funika kwa kitambaa safi cha pamba. Majivu na dawa ya meno huleta usaha. Baridi ya Juni inakualika uvae sweta la sufu. Tanguliza khanga laini ndani. Mpaka magamba yakauke, kaa mbali na wajawazito na watoto wachanga, maana asiyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuipata kwako.

Maumivu yakiendelea miezi mitatu baada ya ngozi kupona, neva imejeruhiwa. Panadoli haitafua dafu. Omba amitriptilini ya usiku, ianzie kipimo kidogo, miligramu 10 au 25, na uipe wiki kadhaa kabla ya kuikatia tamaa.