Hiyo Haiko Kwenye Silabasi

Mpwa wangu yuko Kidato cha Nne katika shule moja ya kutwa huku Eastlands. Majuzi alimuuliza mwalimu wa fizikia: kwenye madini nururifu, atomu hujuaje kwamba zamu yake ya kuoza, yaani kutoa mnururisho na kubadilika, imefika? Akajibiwa, "Hiyo haiko kwenye silabasi." Darasa likacheka, somo likaendelea.

Simlaumu sana mwalimu. Ana wanafunzi zaidi ya hamsini na mtihani wa kitaifa wa KCSE unabisha hodi. Ila swali lenyewe liliniuma, kwa sababu ndilo swali hasa.

Jioni tukachukua sarafu 64 za shilingi moja kwenye mkebe wa kibanda cha mamake, tukazimwaga mezani. Kila iliyoonyesha nembo ya taifa tukaitoa, zilizosalia tukazirusha tena. Zikabaki 30, kisha 17, kisha 8.

"Ungeweza kuniambia tangu mwanzo ni sarafu zipi zitakazotoka?"

"La, mjomba."

"Na idadi je?"

Akanyamaza. "Kumbe hakuna anayeiambia atomu zamu yake!"

Hakuna. Atomu haizeeki; iwe imekaa siku moja au miaka elfu, uwezekano wake wa kuoza sekunde ijayo ni uleule. Ndiyo maana kaboni-14, aina ya kaboni inayooza, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na wanaakiolojia wakaweza kukadiria umri wa mkaa wa jiko la kale. Kuyaandika haya kwa mlinganyo kunahitaji kalkulasi kidogo kupita ile ya Kidato cha Nne. Hapahapa Nairobi, katika shule zinazofuata mtaala wa Kiingereza wa A-level, ile miaka miwili ya kabla ya chuo kikuu, mlinganyo huo ni somo la kawaida tu. Wanaousoma si werevu kumshinda mpwa wangu. Wazazi wao wamelipa karo.

Na A-level ilikuwa yetu sote. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 (8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo kikuu) kuja mwaka 1985, mtu alisoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya Kidato cha Tano na Sita, na 3 ya chuo kikuu. Piga hesabu: 16. Mifumo yote miwili ni 16. Ile miaka miwili iligawanywa, mmoja ukaenda msingi, mwingine chuo kikuu. Kilichopotea ni nafasi ya kijana kuzama katika masomo matatu tu kabla ya kufika chuoni.

Sasa Sekondari Pevu, ile miaka mitatu ya mwisho ya sekondari katika mtaala mpya, imerudisha jambo linalofanana na hilo: mwanafunzi wa mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) huchagua masomo matatu juu ya yale ya lazima. Nimefurahi, ila si sana. Masomo matatu bila maabara ni madaftari matatu mazito. Mimi bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika maabarani, niliishika mara ya kwanza muhula wa mwisho wa Kidato cha Nne, tukiwa wanne kwa moja, na kazi yangu ilikuwa kuandika nambari alizosoma mwenzangu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina maabara za sayansi pale Chiromo, matatu mbili kutoka kwetu. Kwa nini wanafunzi watano wenye hamu kutoka kila shule ya kutwa wasifunguliwe milango Jumamosi, bure, wafundishwe na wanafunzi wa uzamili? Najua sheria ya elimu ya 2013 imepiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, na ilifaa. Mengi yalikuwa kukaririshwa kwa malipo. Haya yangu yawe wakati wa muhula, yasiwe na mtihani wala cheti. Cheti kikiingia tu, wazazi wa Nairobi tutaanza kukitafutia tuisheni.

Zile sarafu 8 tulizirusha tena. Zikabaki 6. Mpwa wangu akakunja uso: "Mbona si nne?"

Nimemwahidi jibu Jumapili, na kwamba safari hii tutarusha mamia. Mamake anataka chenji yake irudi leo.