Matangazo ya pombe yanapomchorea mwanafunzi maisha ya chuo

Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya, Kipchumba Murkomen, alizindua sera mpya ya taifa ya kudhibiti pombe na dawa za kulevya. Kilichozua kelele papo hapo ni pendekezo la kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Wanafunzi wa vyuo vikuu walijiona ndio wanaolengwa, wenye baa wakalalamikia biashara yao, na haukupita muda kabla ya NACADA, mamlaka inayosimamia vita dhidi ya ulevi, kueleza kwamba sera si sheria na kwamba hakuna kilichobadilika bado. Katika zogo hilo pendekezo lingine lilipita likijadiliwa kwa uchache mno: kwamba watu mashuhuri na washawishi wa mitandaoni wasitumike tena kutangaza pombe.

Kwangu mimi hilo la pili ndilo zito zaidi. Umri wa kununua chupa unamgusa mwanafunzi akifika kaunta. Tangazo humfikia mapema zaidi, akiwa bado kidato cha nne anaota jinsi maisha ya chuo yatakavyokuwa.

Tazama tangazo lolote la pombe linalowavutia vijana. Ni mara chache litakuambia kinywaji kina nguvu kiasi gani au kimetengenezwa kwa nini. Linaonyesha paa la ghorofa jua likizama, marafiki watano au sita waliopendeza, dijei, taa za rangi, kicheko. Hakuna anayelipa bili. Hakuna mwenye mtihani Jumatatu. Hakuna anayetafuta gari la kurudi hosteli saa tisa usiku, wala msichana anayemtazamatazama mwenzake asije akapotea kwenye umati. Aliyekuja na soda haonekani kabisa. Kinachouzwa hapo ni kundi la kujiunga nalo, na chupa ndiyo kadi ya uanachama.

Kampuni kubwa zitajibu kwamba zina kanuni zao, na ni kweli zinazo. Diageo, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na hisa nyingi zaidi kwa miaka mingi katika EABL, kampuni ya Kenya inayotengeneza bia ya Tusker, ina mwongozo unaotaka kila mtu anayeonekana kwenye tangazo awe na umri usiopungua miaka 25, na aonekane hivyo. Nia ni njema. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 19 hatamani kujiona mwenyewe kwenye bango, kwa kuwa maisha yake anayajua: chumba cha watu wanne na mkopo uliochelewa wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Anatamani kumwona yule wa miaka 25 mwenye kazi, pesa na marafiki. Kanuni hiyo imemtoa mwanafunzi ndani ya picha, ikamwacha pale pale mbele yake.

Kanuni nyingine inayotumika sana katika sekta hii ni kwamba tangazo liwekwe tu pale ambapo takriban asilimia 70 ya watazamaji au zaidi wanatarajiwa kuwa wametimiza umri wa kunywa. Katika nchi yenye wazee wengi kipimo hicho kina mantiki. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya wananchi walikuwa chini ya miaka 35, na karibu 39 kwa kila 100 walikuwa chini ya miaka 15. Katika nchi ya namna hiyo, bango lililosimamishwa kando ya barabara kuu linatazamwa na watoto kila siku wakielekea shule, na hakuna hesabu ya asilimia 70 inayoweza kuliondoa machoni pao.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayofahamika zaidi kama Sheria ya Mututho kutokana na John Mututho aliyeipigania bungeni, iliweka saa za kufungua baa na kutaka baa zikae umbali wa angalau mita 300 kutoka shule na taasisi za elimu za watu walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Ndiyo maana ukishuka Juja karibu na Chuo cha Jomo Kenyatta, au Kahawa Wendani karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, unakuta maduka ya pombe na vilabu vimepakana na hosteli. Haikuvunjwa sheria yoyote. Mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtu mzima, ulinzi ukaishia hapo.

Na matangazo yanayomfikia kwa karibu zaidi hayatoki kwa watengenezaji wa bia. Yanatoka vilabuni, yakipitia kwa wanafunzi wenzake. Bango la Alhamisi linaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa: wasichana bure kabla ya saa nne, punguzo kwa mwenye kitambulisho cha chuo, chupa mbili kwa bei ya moja, karibuni mafresha, yaani wanafunzi wapya. Aliyelituma ni promota wa chuoni humo humo anayelipwa kwa idadi ya vichwa atakavyoleta. Hapo hakuna mwongozo wa miaka 25 wala onyo la kunywa kistaarabu. Hilo la wasichana kuingia bure linanikera kuliko yote. Msichana hapewi zawadi. Amegeuzwa kuwa sehemu ya kinachotangazwa, ili wavulana walipe mlangoni na kaunta. Sijaona kanuni ya sekta inayolishughulikia kwa uzito unaostahili.

Upande wa pili una hoja ambazo haziwezi kufutwa kwa hasira. Mtu wa miaka 18 anapiga kura, anatia saini mkataba wa mkopo, anashtakiwa kama mtu mzima. Kumwambia kwamba anaweza kumchagua rais lakini akili yake haiwezi kuhimili picha ya watu wanaocheza muziki ni kumdharau. Tena sherehe yenyewe si uovu. Kijana aliyetoka kijijini peke yake, akaingia chuo cha maelfu ya watu asiowajua, anahitaji usiku wa muziki na wenzake. Urafiki wa maisha huanzia huko, na hata ndoa.

Kuna pia suala la fedha. Kati ya 2006 na 2013, kipindi cha televisheni cha Tusker Project Fame, shindano la uimbaji lililodhaminiwa na bia ya Tusker, kiliwapa vijana wa Afrika Mashariki jukwaa la muziki ambalo hakuna wizara ya utamaduni iliyowahi kuwapa kwa ukubwa ule. Valerie Kimani wa Kenya alishinda msimu wa kwanza, baadaye akaja Alpha Rwirangira wa Rwanda, na msimu wa 2013 ukachukuliwa na Hope wa Burundi. Bila fedha za bia wengi wasingewasikia. Hata hivyo kumbuka kipindi chenyewe kilivyopangwa: washiriki waliitwa wanafunzi, nyumba yao ikaitwa akademia, wakawa na walimu na mwalimu mkuu. Kwa misimu sita, watoto waliokuwa wakitazama na wazazi wao sebuleni waliona shule yenye furaha kuliko zote ikiwa na jina la bia. Mtu anaweza kushukuru kwa jukwaa lile na bado akaona lilifundisha kitu kingine pembeni. Mimi ninashikilia yote mawili.

Marekani walishapitia mabishano haya, na yanafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 1996 jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku matangazo ya pombe ya kulipiwa kwenye vyombo vya habari vya vyuo. The Pitt News, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, lilipoteza watangazaji likaenda mahakamani. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ililipatia gazeti hilo ushindi, katika hukumu iliyoandikwa na Samuel Alito, ambaye miaka miwili baadaye aliingia Mahakama ya Juu Zaidi ya nchi hiyo. Hoja yake haikuwa kwamba matangazo hayana madhara. Alisema jimbo halikuonyesha kuwa kuliziba gazeti moja kungepunguza ulevi, ilhali wanafunzi wale wale wanaendelea kumiminiwa matangazo na redio, televisheni na majarida mengine yanayogawiwa chuoni. Mzigo wote ulibebeshwa gazeti la wanafunzi. Anayeandika kanuni Nairobi au Dodoma aisome hukumu ile kabla ya kuanza na kilicho rahisi kushikwa.

Je, matangazo yanaongeza unywaji kweli? Mwaka 2009 jarida la Alcohol and Alcoholism lilichapisha mapitio ya tafiti 13 zilizofuatilia vijana zaidi ya 38,000 kwa muda. Matokeo yalielekea upande mmoja: vijana walioona matangazo zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa wa kuanza kunywa, na waliokuwa wanywaji walizidisha. Miaka mitano baadaye, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupima ushahidi wa tafiti za afya, yaliuliza swali tofauti, kama kupiga marufuku matangazo kunapunguza unywaji, yakapata tafiti nne tu na kukosa ushahidi wa kutosha wa kusema ndiyo wala hapana. Watetezi wa kampuni hunukuu mapitio ya pili pekee, wapinzani ya kwanza pekee. Yakisomwa pamoja yanatuambia kwamba tangazo linasukuma, ila hatujathibitisha kuwa kuliondoa peke yake kunatosha.

Maelezo yanayonishawishi kuliko mengine yalitoka Chuo Kikuu cha Princeton, katika utafiti wa Deborah Prentice na Dale Miller wa 1993. Wanafunzi waliulizwa wao wenyewe wanauonaje unywaji chuoni, kisha wakaulizwa wanadhani wenzao wanauonaje. Kila mmoja alidhani wenzake wameuridhia kuliko yeye. Waliokuwa na wasiwasi walikuwa wengi, ila kila mtu alijiona yuko peke yake. Ikaonekana pia kwamba wavulana walielekea kubadilika kadiri muda ulivyopita, wakausogelea ule msimamo waliodhani ni wa wengi.

Hapo ndipo ninapoona madhara ya tangazo. Si lazima limshawishi mwanafunzi kwamba pombe ni tamu. Linatosha likimshawishi kwamba wenzake wote wako klabuni na yeye ndiye aliyebaki. Nchini Kenya, uchunguzi wa NACADA wa 2022 ulikadiria kwamba waliokuwa wakitumia pombe kati ya watu wa miaka 15 hadi 65 ni asilimia 11.8, karibu mmoja kwa kila wanane. Hata tukikubali kwamba vyuoni kiwango kiko juu, mwanafunzi asiyekunywa ana kundi kubwa sana nyuma yake. Wako wanaoswali, wako walokole, wako wasio na pesa, wako wasiopenda tu. Hakuna anayelipia bango la kuwaonyesha, na wao kwa wao hawaonani. Mshawishi wa mitandaoni anazidisha upotoshaji huo kwa sababu haonekani kama tangazo. Anaonekana kama rafiki aliyepiga picha Ijumaa.

Wako wanaosema tunahangaika na mabango ilhali kinachoua hakitangazwi. Wana haki. Waliokufa Kirinyaga nchini Kenya Februari 2024 kwa pombe yenye sumu hawakuvutwa na dijei juu ya ghorofa. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya bei nafuu ya kwenye vifuko vidogo vya plastiki, Machi 2017 iligusa bei na ufungashaji, na naamini kwa mwanafunzi mwenye shilingi chache mfukoni hatua ya namna hiyo ina nguvu kuliko kanuni yoyote ya matangazo. Lakini picha na bei hufanya kazi pamoja. Bango huonyesha maisha ya ghorofani, kisha anayeyatamani bila uwezo hununua kinachomfikia mkononi.

Kwa hiyo umri wa miaka 21 siuungi mkono kama tiba ya vyuoni. Wanafunzi walio wengi wapo chini ya umri huo au wameufikia juzi, wanaishi chumba kimoja na waliouvuka, na chupa itanunuliwa na mmoja inywewe na wanne chumbani, pasipo mtu mzima wala mlinzi. Marekani ina umri huo tangu miaka ya 1980, na sherehe za vyuo vyake zinajulikana dunia nzima.

Ninachokiunga mkono ni kugusa picha yenyewe. Ufaransa, kwa sheria ya Januari 1991 iliyopewa jina la waziri Claude Évin, iliiruhusu pombe itangazwe lakini ikabana kinachoweza kusemwa: jina, asili, viambato, nguvu, namna ya kutengenezwa. Udhamini ukakatazwa, televisheni ikafungwa. Sheria ile imelegezwa tangu hapo, intaneti ikiruhusiwa mwaka 2009, na vijana wa Kifaransa bado wanakunywa. Hata hivyo inaheshimu pande zote mbili: mtu mzima anapata taarifa ya bidhaa, na kampuni haipewi nafasi ya kumuuzia urafiki. Serikali ya Kenya haiwezi kudai haina ubavu, kwani Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Kanuni kama hiyo ya Ufaransa ivibane vilabu kama inavyobana viwanda, na punguzo la pombe kwa kitambulisho cha chuo lifutwe kabisa. Vyuo navyo visijifiche nyuma ya Bunge. Wanafunzi hulipa ada ya chama chao. Sehemu ya fedha hizo ilipie bendi, vyombo vya muziki na ukumbi ulio wazi hadi usiku wa manane ndani ya chuo, kuanzia wiki ya kuwapokea mafresha, bila jina la kinywaji chochote ukutani. Ilipie na basi la kuwarudisha wanaoishi nje ya chuo.