Mamtoni muda upo, ila nani anaisubiri hadithi?

Nna ndugu yangu yuko Tandika, Dar, kila tukiongea lazima anisimange. Dada we uko mamtoni, umeme haukatiki, una meza yako una kiti chako, mbona hata riwaya moja haijaisha? Huwa nacheka tu. Leo nipo ofu, nje mvua toka asubuhi, wacha nimjibu.

Nikiwa nyumbani nilikua naandika simulizi kwenye simu ya kioo kilichopasuka, chumba tunalala watatu, mama anapita anauliza we mtoto unachati na nani muda wote huo. Umeme ukikatika naandika na chaji asilimia 11, na sehemu lazima itoke saa tatu usiku mana kwenye gurupu la WhatsApp kuna watu wameshatuma elfu moja moja zao, ukichelewa ni matusi. Si utani. Kuna mama muuza vitenge alikua anatuma voisi saa mbili na nusu, "mwandishi, Zuhura anaolewa au haolewi? Usinifanye nisilale". Sikuwahi hata siku moja kukaa nikajiuliza hamasa ya kuandika naitoa wapi, nilikua namuogopa yule mama basi.

2018 nikaja huku Leicester, Uingereza. Kubeba boksi, na mimi ni boksi kweli kweli, stoo ya mizigo, usiku nne kwa wiki. Siku tatu nalala na kuandika. Kadi ya maktaba bure, chumba changu peke yangu, hita inawaka, kimya mpaka unasikia friji. Na sikuandika kitu bana! Sehemu ya kwanza nimeifuta sijui mara ngapi, kila nikiisoma naona mbaya, na kwa sababu hakuna anayeidai nafuta tena. Nikajaribu ile changamoto ya NaNoWriMo, ya kuandika riwaya ya maneno 50,000 ndani ya Novemba, nikaishia elfu tisa na nyingi humo ni baridi na giza, mana huku Novemba ikiisha jua linazama kama saa kumi jioni na ukiandika usiku wa manane mwezi mzima hata wahusika wako wanaanza kuugua.

Nikaenda kikundi cha waandishi pia. Watu wapole sana, unasoma kipande chako ulichojitafsiria kwa Kiingereza cha kuungaunga, wanasema nzuri, imetugusa, alafu chai na biskuti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Zuhura ikawaje.

Najua mtaniambia mbona mwandishi Abdulrazak Gurnah kaweza. Kweli, katoka Zanzibar kijana mdogo miaka ya 60, na 2021 kachukua Nobel ya fasihi. Lakini Gurnah anaandika Kiingereza, msomaji wake yuko naye basi moja. Na Said Ahmed Mohamed aliyeandika Kiswahili akiwa Ujerumani alikua anafundisha fasihi ya Kiswahili chuoni Bayreuth, lugha ilikua kazi yake ya kila siku. Mimi stoo naongea na mashine ya kuskani.

Kingine kinachoniuma ni mdomo. Nyumbani unapanda daladala ya Mbagala, ukishuka una mazungumzo ya sehemu tatu, umesikia konda anavyogombana na abiria wa mia mbili, umesikia mdada analia kwenye simu huku anajifanya anakohoa. Huku basi zima wana iafoni masikioni. Mwaka jana nikamtumia mtoto wa kaka kipande konda anasema "vyuma vimekaza", akanicheka mpaka akakohoa, "shangazi hiyo ya enzi za Magufuli, nani anasema hivo saizi?" Nikanywea. Kumbe Kiswahili changu kiliganda siku nilipopanda ndege na mimi sikujua.

Alafu ikatokea hii. Belgrave Road kuna maduka ya Wahindi, nikaingia kutafuta mihogo, nikaiona imeandikwa "mogo". Mzee wa duka akaniangalia, "wewe natoka wapi?" Kiswahili! Mimi nazaliwa Jinja, anasema. Ni wale Wahindi Idi Amin aliowapa siku 90 waondoke Uganda mwaka 1972, na halmashauri ya Leicester ikalipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku, wao wakaja hivo hivo. Zaidi ya miaka hamsini na mzee bado anahesabu chenji kwa Kiswahili cha dukani kwao, na muhogo wake umeshapoteza "uh". Akaniuliza kama watu bado wanachoma mogo barabarani na kuweka pilipili na ndimu. Nikasema ndio mzee, akafumba macho kidogo, alafu akaniongezea pauni moja na nusu kwenye bei nadhani kwa bahati mbaya.

Usiku ule niliandika kurasa sita bila kusimama. Kwaiyo ndugu yangu, meza ninayo na kiti ninacho, nilikua sina mtu wa kunisumbua. Nimelifufua gurupu la zamani, wamebaki kama arobaini, elfu moja sidai tena, nadai matusi tu. Jana nikawarushia sehemu ya mzee wa mogo, na muuza vitenge bado yumo! Voisi yake ya kwanza tangu niondoke: "Huyo Mhindi simjui. Zuhura umemtupa wapi?"

Nikamjibu kesho saa tatu, saa za kwenu. Sasa hivi huku ni kumi na moja jioni, kwao saa mbili, na Zuhura bado nimemuacha kwenye boti ya Zanzibar anatapika.