Mkulima wa Gunia

Kuku wa mwenye nyumba amekula mitoo yangu, mboga ya kienyeji niliyoipanda mwenyewe. Sisemi ameidonoadonoa, nasema ameila. Nimeamka saa kumi na mbili nikasalimie shamba, maana sisi wakulima husalimia shamba kabla ya kunawa uso, nikamkuta juu ya gunia la udongo, maana ndilo shamba lenyewe, kifua mbele, anachakura kama aliyetumwa. Na kumfukuza siwezi. Kodi ya mwezi huu sijalipa.

Mambo haya yalianza pale fungu la sukuma lilipokonda hadi unalibeba kwa vidole viwili. Majirani hapa Migosi, Kisumu, walianza kupanda kimyakimya. Mimi nikatangaza. Nilisimama mbele ya meza ya mama mboga wetu, tunayemwita Nyar Gem, wateja wakiwa sita, nikakohoa kidogo, nikasema: "Mama, kuanzia leo nitakula jasho langu." Akanitazama juu hadi chini, akaendelea kukatakata sukuma ya mtu.

Gunia shilingi 60, samadi 300, wavu 400, miche 120. Boda wa kuleta samadi akataka 150 kwa sababu eti mzigo unanuka, kana kwamba nilimwambia ni marashi. Jumla 1,030. Kwa fungu la shilingi 20, hayo ni mafungu 51 na chenji ya shilingi kumi, na maji sijagusa. Ah, maji! Ziwa la maji matamu la pili kwa ukubwa duniani liko pale chini, nalinusa upepo ukigeuka, na mimi Januari nzima nanunua mtungi mmoja mmoja. Mfereji ukikohoa, tunatoka mbio na ndoo tukidhani ni maji. Ni hewa.

Mbegu za mboga ya saga ni ndogo kama baruti, kwa hiyo jamaa wa agroveti akanishauri nizichanganye na mchanga zisirundikane mahali pamoja. Nikachanganya. Mpaka leo kilichoota ni mchanga. Vidukari walipovamia managu nikawanyunyizia maji ya sabuni, wakawa vidukari safi.

Lakini jioni managu ilikuwa mezani. Nasema haki, kila jioni! Nilikuwa nashika tonge, nafumba macho, nawauliza watoto: "Mnaonja tofauti? Hii haijapanda gari." Mama Brayo, mke wangu, alikuwa anatazama ugali.

Jana shemeji akapiga simu kutoka Mbale. Anakuja Jumamosi, amesikia nina shamba, kwa hiyo nyama nisihangaike, yeye anataka mrenda na kunde tu, na magadi isizidi. Nikaenda nyuma ya nyumba. Mrenda: majani tisa. Niliyahesabu mara mbili.

Ndipo nikavaa kofia, nikashika njia ya Kondele, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikainama kwa mama mmoja mpole, nikasema kwa sauti ya chini, "Nipe mrenda ya hamsini." Akanikodolea macho. "Si wewe ndiye yule mkulima wa Migosi?" Kumbe hawa akina mama wana chama kimoja, wanakutana kila Alhamisi, na mimi nilikuwa ajenda. Akakataa kuniuzia. Mteja wa mwenzake hamgusi, akasema, nirudi nilikotoka.

Nikarudi. Nyar Gem aliniona tangu mbali akavuta stuli. "Jaduong', karibu. Shamba linaendeleaje?"

"Linapumzika," nikasema. "Ardhi lazima ipumzishwe."

"Gunia nalo linachoka?"

Wateja wakaanza kuchagua nyanya polepole, unajua ule uchaguzi wa mtu asiyetaka kuondoka. Nikaomba mrenda ya hamsini na kunde ya hamsini, nikatoa mia. Hakuipokea. Alifuta mikono kwenye leso, akainua debe la viazi, akatoa daftari la shule lililokunjwa pembe, akalamba kidole, akafunua. Mama Brayo, managu, 40. Mama Brayo, managu na dhania, 50. Mama Brayo, saga, 40. Ukurasa mzima, nyuma na mbele! Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: 680.

Jasho langu. Wiki tano nimefumba macho mezani nikisifu jasho la Nyar Gem, tena la mkopo.

"Alinikataza nisikwambie," akasema taratibu. "Alisema unakula ukiwa na furaha." Kisha akaniongezea kiganja cha kunde bila kuombwa, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Eti tule vya kwetu. Huku mjini hata samaki ametoka China, anauzwa na mtu aliyeligeuzia ziwa mgongo.

Nimefika nyumbani mvua ya jioni inaanza, nguo ziko kwenye kamba, hakuna aliyezianua. Kuku yuko palepale juu ya gunia langu. Ameinuka, amejikung'uta, ameondoka kwa heshima zake, na pale alipokuwa pana yai.

Nimelitazama yai hilo kwa muda. Samadi ni yangu, mitoo aliyoila ni yangu, hata gunia nina risiti. Mayai tunayonunua hapa mengi yanavushwa Busia kutoka Uganda, na hili limetagwa hatua nne kutoka kwenye sufuria yangu. Nimetia mkono. Brayo, mtoto mwaminifu asiyejua wakati, ameshakwenda kumwita mwenye nyumba.