Maharage Yanakula Mkaa

Jioni kwenye genge la mtaani kwetu Tandika, ndoo ya maharage ya njano inakaa upande mmoja na makopo ya mkaa yamepangwa upande wa pili. Mama anayetafuta chakula cha usiku anauliza bei ya vyote viwili, anapiga hesabu kimoyomoyo, kisha mara nyingi anaondoka na fungu la dagaa, mchicha na sembe nusu kilo. Bibi mmoja jirani yangu, aliyelea watoto na sasa analea wajukuu, aliwahi kuniambia: "Mwanangu, maharage yenyewe si ghali. Tatizo yanakula mkaa."

Tukijadili kwa nini watu wanakula wanachokula, tunakimbilia ladha, mazoea ya kwao, dini, na siku hizi matangazo. Yote yamo. Lakini kwa mtu wa Dar es Salaam anayeishi kwa kipato cha kutwa, naamini kinachoamua zaidi ni moto. Elimu ya lishe inayotolewa kliniki ni nzuri: kula jamii ya kunde, kula dona, mboga, matunda. Akina mama wanaijua, tena wengi kwa kichwa. Kuwahubiria upya bila kuwauliza watapikia nini ni kuwaonea.

Maharage makavu yasiyolowekwa yanataka saa mbili jikoni, na yakiwa ya siku nyingi ghalani yanazidi hapo. Kopo moja la mkaa haliyaivishi. Mwenye gesi naye anayaogopa vilevile, maana kujaza mtungi mdogo wa kilo 6 ni shilingi 20,000 na ushei, tena kwa mkupuo. Basi gesi inatunzwa kwa chai, mayai na kupasha kiporo, na mkaa unabaki palepale. Wengine wanatia kipande cha magadi ili maharage yalainike upesi. Yanalainika kweli, ila magadi yanaharibu vitamini B1, mojawapo ya faida tuliyoyapikia. Kuloweka usiku kucha kunapunguza sana muda wa kuchemsha na ningemshauri kila mtu aloweke. Ila anayeloweka leo ana uhakika kwamba kesho atapata mkaa, kitunguu na mafuta ya kupima. Mtu wa kibarua hana uhakika huo.

Halafu kuna muda. Anayetoka Posta saa kumi na mbili jioni akagombania daladala ya Mbagala, akifika nyumbani watoto wanasinzia. Sembe inasongwa mara moja. Dagaa wanakaangwa na nyanya mbili, mboga imepatikana. Hapo sina lawama hata kidogo: dagaa analiwa na mifupa yake, na kalsiamu imo humo humo, mchicha ukipikwa haraka ndiyo vizuri zaidi. Kinachoniuma ni pale haraka inapokuwa chipsi na soda, au chapati mbili na chai ya rangi, wiki nzima, kwa mtoto anayekua.

Kijana aliyepanga chumba kimoja tunamwita mvivu kwa sababu hapiki. Hesabu yake iko sahihi. Mama ntilie anachemsha sufuria moja kubwa, na moto ule mmoja unagawanyika kwa sahani zote za mchana. Kijana akiwasha jiko lake kwa ajili ya sahani moja, mkaa pekee unakaribia bei ya wali maharage aliowekewa mezani.

Kijijini nako moto una gharama, hata kama haionekani. Upareni na Usambaani makande yanachemka nusu siku kwenye mafiga na hakuna anayetaja bei ya kuni, kwa sababu hazinunuliwi. Zinabebwa kichwani na wanawake na mabinti.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Hofu yangu ni mafanikio yake kupimwa kwa kuhesabu mitungi iliyogawiwa, wakati mtungi uliokwisha gesi unalala mvunguni. Jiko la presha la umeme linaivisha maharage kwa saa moja hivi na halimalizi uniti moja. Uniti hiyo kwa mteja wa kawaida wa mjini haifiki shilingi 400. Ni nafuu kuliko mkaa. Lakini nenda kwenye nyumba zetu za kupanga: vyumba sita, mita moja ya LUKU, wapangaji wanachanga, pasi tu inaleta ugomvi, na mwenye nyumba ameshapiga marufuku majiko ya umeme. Anayetaka watu wapikie umeme aanze na mita ndogo kwa kila chumba.

Nairobi, katika mitaa kama Kibera na Mathare, akina mama huuza githeri, yaani makande ya Kenya, na maharage yaliyokwisha chemshwa, wanapima kwa kikombe. Mnunuzi anakwenda nyumbani kuunga tu kwa kitunguu na nyanya. Sioni kwa nini biashara hiyo isienee kila mtaa wa Dar. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya wanawake. Kikundi cha akina mama watano kikipewa sufuria kubwa za presha, gesi ya mtungi mkubwa na banda safi karibu na kituo cha daladala, kitauza maharage yaliyoiva kuanzia saa kumi na moja jioni. Bwana afya awakague kama anavyowakagua mama ntilie. Na wapime hata ya shilingi 500, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa mtaani kwetu wanavyonunua mafuta, sukari na huo mkaa wenyewe.