Mzee hakuambiwa atazame wapi

Mwezi uliopita nilimsindikiza baba yangu kliniki ya macho hapa Kampala, na mpaka leo sijatulia. Daktari alitandaza mezani karatasi mbili za majibu ya kipimo, ya mwaka juzi na ya siku ile. Akaonyesha kwa kalamu palipokuwa na kijivu hafifu na sasa peusi tii, yaani jicho halioni hapo, akasema presha ya macho, glakoma, imekwenda mbio, Mzee ajiandae kwa upasuaji. Baba alinyamaza. Tulipotoka kwenye ujia akanishika mkono: "Kwani kwenye ile mashine nilitakiwa nitazame wapi?"

Aliyewahi kukaa kwenye kipimo cha vitaa, kile kinachopima upana wa kuona, anakijua. Jicho moja linazibwa, kidevu kinawekwa kwenye kiegemeo, uso unaingia ndani ya bakuli jeupe, kitufe mkononi. Unakazia macho katikati bila kuhama, na kitaa kikimweka pembeni unabonyeza. Kile cha kawaida cha glakoma hupima nukta 54 kwa kila jicho, ndani ya nyuzi 24 kutoka katikati. Mashine hufifisha vitaa kwa makusudi mpaka usivione, kwa sababu inatafuta mpaka wako ulipo. Hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu yake. Usipoambiwa hilo, utadhani unapofuka papo hapo kwenye kiti.

Baba hakuambiwa, au tuseme aliambiwa kwa lugha isiyo yake. Alizaliwa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, akala ujana wake kwenye kambi ya jeshi, na lugha aliyofanyia kazi ni Kiswahili. Dada wa mashine alimpokea kwa heshima kabisa, "Jjajja, tuula wano," yaani babu, kaa hapa, kisha maelezo yakafuata kwa Luganda ya haraka, na mengine kwa Kiingereza. Mimi niliambiwa nisubiri nje.

Jioni nilimhoji kwa utulivu. Mwaka juzi aliogopa kukosa, kwa hiyo alibonyeza kila aliposikia mashine ikilia, kitaa kiwepo kisiwepo. Karatasi ikatoka nzuri kuliko macho yake. Safari hii alikuja na basi la usiku, akapita Karuma bila kupata lepe la usingizi, akafika alfajiri na kukaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana. Akasinzia na kitufe mkononi. Karatasi ikatoka mbaya kuliko macho yake. Na dakika alizokuwa macho, alikuwa akivifuata vitaa kila vilipotokea. "Nimesimama lindo miaka mingi," aliniambia. "Askari wa lindo hatazami mahali pamoja."

Sasa zilinganishe karatasi hizo mbili, uone ugonjwa "ulivyokimbia". Hapa ndipo moyo unaniuma. Maendeleo ya glakoma hupimwa kwa kulinganisha cha jana na cha leo. Kama cha jana ni cha hofu na cha leo ni cha usingizi, ule weusi uliozidi ni wa nini? Na mashine yenyewe ilikuwa imeonya! Juu ya karatasi huandikwa jicho limehama mara ngapi, mgonjwa amebonyeza mara ngapi pasipo kitaa, amekosa mara ngapi kitaa kikali mahali alipokwisha kuona kilichofifia. Ya baba ilisomeka 9/14 kwa jicho kuhama. Mara tisa kati ya kumi na nne! Hakuna aliyesimama kwenye namba hiyo hata kidogo.

Najua foleni ni ndefu, na dada yule siku ile hakupata hata dakika ya kunywa chai. Najua pia kuna wazee watakaoshika maneno yangu kuwa kisingizio cha kuacha dawa ya matone. Wasifanye hivyo, kwani neva ya jicho ikifa hairudi, na wapo ambao upasuaji ndio uliowaokoa. Lakini mwaka 2008 wataalamu walipendekeza vipimo sita katika miaka miwili ya kwanza, ndipo kasi ya ugonjwa ijulikane. Mzee wa Arua atalipia nauli sita kutoka wapi? Akipata kimoja kwa mwaka, basi hicho kimoja kisimamiwe kama roho ya mtu. Katiba yetu iliitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005. Sijui mgonjwa aidai wapi kama si kwenye kiti kile.

Tuliomba kipimo kirudiwe. Baba alilala kwangu usiku mbili. Asubuhi nilichora nukta kwenye ukuta mweupe wa sebule, nikamkalisha mbele yake, nikawa nachezesha kidole pembeni. "Macho kwenye nukta, Baba. Kidole kiache kije chenyewe. Ukikosa, si kosa." Tulirudia mpaka akaacha kugeuka.

Matokeo: jicho la kulia liko karibu na lilivyokuwa. La kushoto limepungua kweli, ila si kwa ule weusi tulioonyeshwa. Daktari alizitazama karatasi zote tatu kwa muda mrefu, akaongeza dawa ya pili ya matone, akasema turudi baada ya miezi minne kabla ya kuzungumzia kisu.

Nilimwomba dada wa mashine aandike lugha ya Mzee kwenye jalada la faili. Akaandika KISWAHILI kwa kalamu nyekundu, kisha akaniuliza "usihamishe jicho" inatamkwaje. Akairudia mara tatu, akimtazama baba usoni.