Nakala za bunduki za vita: hatari iko barabarani, si ukutani

Askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Watu hupita chini yake kutwa nzima na hakuna anayeshtuka. Lakini mtu akisimama kituo cha daladala na nakala ya bastola ya vita, ya ukubwa na rangi ileile ya halisi, watu watalala chini, na watakuwa na haki.

Ugomvi kuhusu kama wakusanyaji waruhusiwe kumiliki nakala hizi unaanzia hapo. Nakala yenyewe hutengenezwa kwa zinki na mbao au plastiki, na haiwezi kufyatua risasi. Niliwahi kushika Luger, bastola ya Kijerumani, ya namna hiyo kwa mzee mmoja mkusanyaji. Ukivuta vile vifundo viwili vya duara, kiungo cha juu kinakunjika kama goti, kisha kinarudi kwa mlio mkavu. Michoro niliyoisoma miaka mingi haikuwahi kunionyesha hilo. Mzee alinipa pia nakala ya Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, yenye uzito unaokaribia ule wa halisi, kama kilo 4. Niliiweka begani nikawafikiria babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliotembea na silaha hiyo kwenye matope ya bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944. Baada ya dakika chache tu bega lilikuwa linauma. Hoja ya wakusanyaji ni hiyo, na mimi naiheshimu: historia inashikika, bila kuweka nyumbani silaha inayoweza kuibwa ikaua.

Upande wa pili una uzito wake. Novemba 2014, mjini Cleveland, Marekani, Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa bustanini na bastola ya kuchezea inayorusha vigololi vya plastiki, yenye umbo la Colt M1911, bastola ya jeshi la Marekani katika vita kuu zote mbili. Aliyepiga simu alisema huenda ni ya bandia. Taarifa hiyo haikuwafikia askari waliotumwa. Polisi alimpiga risasi sekunde chache baada ya gari kufika. Siwezi kumtwisha mtoto, wala kitu cha kuchezea, lawama ya risasi ile. Ila sheria ya huko ya 1988 ilidai ncha ya rangi ya chungwa, na ncha ile ilikuwa imetolewa. Alama inayong'oka kirahisi hivyo haimlindi mtu.

Japani walishika njia nyingine. Kuanzia 1971 bastola za mfano za chuma zilitakiwa ziwe nyeupe au njano na mtutu uzibwe, na 1977 masharti yakakazwa zaidi. Watengenezaji wakahamia plastiki, ambayo bado inaweza kuwa nyeusi tii. Hapa kuna hatari mbili ambazo watu huzichanganya: nakala kugeuzwa ipige kweli, na nakala kudhaniwa ni halisi. Ukitumia plastiki badala ya chuma unapunguza ile ya kwanza. Ya pili inabaki palepale. Sheria ya silaha ya Kenya inaadhibu kutumia hata silaha bandia kwa nia ya uhalifu, na ni sawa kabisa, maana anayeelekezewa mtutu usiku hana nafasi ya kuukagua.

Uingereza, tangu Oktoba 2007, imezuia kuuza, kutengeneza na kuingiza nchini nakala zinazofanana mno na silaha za kisasa, isipokuwa kwa shughuli kama za makumbusho, filamu, michezo ya jukwaani na maigizo ya vita vya kale. Anayetaka nakala ya Sten, bunduki ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili, ya kuweka ukutani tu hana njia ya kuinunua mpya, labda aikubali ya rangi kali kama ya waridi, isiyofanana na ya halisi. Naona wamemkaba mtu asiyestahili. Kutembea na silaha bandia hadharani bila sababu ya msingi tayari kulikuwa kosa huko kwa sheria ya 2003, na hapo kwenye kubeba hadharani ndipo ningeweka nguvu zote: isafirishwe ndani ya boksi lililofungwa, na mtutu uzibwe kiwandani kwa namna isiyozibuka.

Ile Luger ilikuwa imefungwa kwa skrubu mbili ndani ya fremu ya kioo. Mzee alizifungua kwa bisibisi ili niishike, na alipomaliza kunionyesha alizikaza tena kabla hajanifungulia mlango wa nje.